Jinsi ya kupima itikio la msuli wa jongoo bahari kwa asetilikolini

Jongoo bahari hana ubongo. Ana pete ya neva inayozunguka mdomo, na kutoka kwenye pete hiyo hutoka kamba tano za neva zinazofuata urefu wa mwili, mpangilio uleule wa tano unaoonekana kwa nduguye kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Kila kamba imelala kati ya ngozi na utepe mweupe wa msuli, na asetilikolini ni mojawapo ya kemikali ambazo seli za neva hutumia kuuamuru msuli huo ujikunje.

Tumia jongoo mchanga (Holothuria scabra) wa kufugwa, ukiwa na kibali cha mamlaka ya uvuvi, maana wale wa porini wamevuliwa mno na haifai kuwapunguza kwa ajili ya somo. Mshike taratibu. Ukimbughudhi, ngozi yake hukakamaa kwa amri ya neva zinazobadilisha ugumu wa kolajeni, yaani nyuzi za protini zilizomo ngozini, na anaweza hata kuyatoa matumbo yake nje.

Mlaze kwanza kwa ganzi: yeyusha gramu 73 za magnesiamu kloraidi yenye maji ndani ya fuwele zake (MgCl₂·6H₂O) katika lita 1 ya maji yaliyochujwa, kisha changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari. Magnesiamu huzuia kalisiamu kuingia kwenye ncha za seli za neva, na bila kalisiamu ujumbe wa kemikali haumwagwi. Asipojikunja tena unapomgusa minyiri ya mdomoni, mpasue kwa urefu kati ya tepe mbili, ukate kipande cha msuli cha sentimita 3 au 4, ukisuuze mara kadhaa kwa maji safi ya bahari ili ganzi iishe.

Funga uzi kila mwisho. Mwisho mmoja ushikize kwenye kitako, ndani ya glasi yenye mililita 100 za maji ya bahari yanayopulizwa hewa, na wa pili uunganishe na wenzo mwepesi wenye kalamu inayochora msogeo wa msuli, kisha uache msuli utulie kwa nusu saa. Usiipunguze nusu saa hiyo, kwani msuli ambao bado unalegea utakupa mchoro usioeleweka.

Yeyusha gramu 0.18 za asetilikolini kloraidi katika mililita 100 za maji yaliyochujwa siku hiyohiyo, uiweke kwenye barafu, kwa sababu huvunjika upesi. Anza kwa kutia mililita 0.1 za maji yaliyochujwa matupu; kalamu isiposogea, utajua kwamba si mtikisiko wa kumimina unaouamsha msuli. Kisha tia mililita 0.1 za asetilikolini, uone msuli ukijikunja polepole na kubaki umejikunja. Badilisha maji mara tatu, subiri ulegee, ndipo uongeze dozi.

Maabara yenye fisostigmini, ambayo ni sumu na lazima ishikwe kwa glavu chini ya usimamizi wa mwalimu, inaweza kuitia kabla ya asetilikolini. Dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, kwa hiyo dozi ileile ndogo huukunja msuli zaidi ya mara ya kwanza.