Jinsi ya kulichimba neno "hubbu dunia"

Kwenye mawaidha neno hili hulikwepi, sheikh akisema tu "hubbu dunia" kila mtu anaangalia chini, ila uliza maana yake utajibiwa "kupenda pesa" na mazungumzo yameisha. Ukitaka kulielewa vizuri fanya hivi.

Likate vipande viwili. "Hubbu" haina shida, ni ndugu wa huba na mahaba ya kwenye taarab, muhibu nae yumo humohumo. Kazi iko kwenye "dunia". Kamusi itakupa ulimwengu, sayari tunayoishi, na ukiishia hapo umepotea maana hakuna aliewahi kukemewa kwa kuipenda sayari. Rudi kwenye Kiarabu, mzizi wake una maana ya kuwa karibu, na dunya kiasili ni sifa, "iliyo karibu zaidi" au "ya chini zaidi", ndo maana Qurani inasema al-hayat al-dunya, maisha haya ya karibu. Alafu iweke kando ya mwenzake akhera, ambayo nayo ni sifa, "ya mwisho". Hapo ndo picha inakuja, hubbu dunia ni kung'ang'ania cha karibu mpaka cha mwisho kinasahaulika, kwahiyo hata asie na senti anaweza kuwa nayo tena sana tu.

Kwenye hadithi anza na ile iliyomo kwenye mkusanyo wa Abu Dawud, Mtume anasema Waislamu watakuwa wengi lakini kama povu la mafuriko, mioyoni watatiwa wahan, akaulizwa wahan ni nini, akajibu kuipenda dunia na kuchukia kifo. Ila ile ya "hubbu dunia ndo kichwa cha kila kosa" usiibebe kichwa kichwa, inasomwa sana lakini wanazuoni wengi wa hadithi wanasema haijathibiti kuwa ni maneno ya Mtume.

Mwisho nenda Al-Inkishafi, utenzi wa kisiwa cha Pate wa mwanzoni mwa karne ya 19. Kiamu chake kigumu, bora mtu wa Lamu akusomee. Tafuta beti za majumba, matajiri wameshakufa na vile vidaka vya ukutani walivyopanga sahani za fahari sasa ndege wa porini wanalala humo. Kwangu hizo zinaeleza kuliko kamusi zote.

Na ukikutana na Mturuki au Mwindonesia mtajie "dunia", hutahitaji mkalimani.