Namna ya Kuandaa Kipengele cha Ubuyu Redioni

Kipengele cha ubuyu, yaani umbea wa mastaa, cha dakika 5 kinabeba habari 3, si 8. Habari kuu ipe dakika 2 na nusu, ya pili dakika moja na nusu, ya tatu sekunde 30. Muda unaobaki ni wa jingo (muziki mfupi wa kutambulisha kipindi) na masihara na mwenzako studio. Andika maneno kama 110 kwa kila dakika. Ukijaza zaidi utaanza kumeza silabi, na jina likimezwa, msikilizaji anasikia la mtu mwingine.

Kabla ya kuamini ubuyu wowote, jiulize nani anafaidika. Mastaa wakichambana Instagram Jumatano na wimbo ukatoka Ijumaa, hiyo ni kiki, yaani ugomvi wa kutengeneza ili kutafuta umaarufu. Pitia kurasa za msanii, prodyuza na mwongozaji wa video kwa wiki mbili zilizopita. Picha ya lokesheni au kionjo cha wimbo kitakuonyesha ugomvi unaelekea wapi. Si lazima uitupe. Isome kama kiki, maana wasikilizaji hufurahi zaidi wakiona umeshtukia mchezo kuliko ukiingia mkenge pamoja nao.

Skrinshoti peke yake haitoshi, kwa sababu mazungumzo ya WhatsApp ya kughushi hutengenezwa kwa dakika chache. Mwombe mleta habari arekodi kioo cha simu huku akifungua mazungumzo, apandishe hadi meseji za zamani, kisha abonyeze jina namba ionekane. Akianza visingizio, iache. Akaunti ikague herufi kwa herufi: nukta moja au mstari wa chini ndiyo tofauti ya staa na akaunti feki. Picha "ya jana" ipitishe kwenye Google Lens, inayotafuta picha hiyo mtandaoni, huenda ni ya harusi ya zamani. Na vyanzo viwili viwe viwili kweli. Dereva na mpambaji walioambiwa na meneja mmoja ni chanzo kimoja.

Kisha mpigie mhusika mwenyewe, si meneja tu, angalau saa 3 kabla ya kipindi. Mwambie wazi utakachosema na saa utakayosema, na kama unarekodi, mjulishe kabla ya swali la kwanza. Andika saa uliyopiga hata kama hakupokea. Kumvamia hewani bila taarifa kunanogesha kipindi, lakini akimwaga matusi, kitakachoitwa na TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano Tanzania, ni kituo chenu.

Neno "inadaiwa" halikukingi. Ukirudia kashfa ya mtu mwingine, umeitangaza wewe. Kuficha jina nako hakusaidii iwapo umetaja gari, mtaa na wimbo wake wa mwisho, kwani watu wote wameshamjua. Kipande kikipandishwa mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inaingia. Magonjwa, mimba ambayo mwenyewe hajaitangaza na watoto wa mastaa, viache hata kama una uhakika.

Pesa ya kuficha au kuchafua usiipokee. Aliyekupa ndiye atakayeitoboa siku mkikosana.

Ukikosea, sahihisha kesho yake kwenye kipengele kilekile, kwa sauti yako, bila utani: taja kosa, taja ukweli, omba radhi, sekunde 20 zinatosha. Rekodi, meseji na skripti vihifadhi nje ya simu yako, maana barua ya wakili inaweza kuja miezi baadaye na simu imeshabadilishwa.