Jinsi ya Kunufaika na Chama cha Wenye Viwanda, Mombasa

Mwenye kiwanda wa Changamwe au Shimanzi anayelipa ada ya Chama cha Watengenezaji Bidhaa Kenya, KAM, kilichoanzishwa mwaka 1959, kisha akangoja barua pepe tu, anapoteza sehemu kubwa ya haki yake. Kwanza, shiriki katika kamati ya sekta yako, iwe ya vyakula, plastiki au chuma, na katika mikutano ya Pwani, kwa kuwa humo ndimo malalamiko ya mtu mmoja hugeuzwa kuwa hoja ya wengi.

Hoja hiyo huhitaji ushahidi. Ikiwa kontena la malighafi limekwama bandarini Kilindini, usiseme tu kwamba umecheleweshwa: andika tarehe meli ilipotia nanga, tarehe hati za forodha zilipoidhinishwa, gharama za kuhifadhi mzigo na saa ambazo mitambo ilisimama. Karatasi moja ya namna hiyo huwapa maafisa wa chama nguvu zaidi mbele ya Mamlaka ya Bandari au ya Mapato kuliko kurasa nyingi za lawama.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na Mswada wa Fedha hujadiliwa bungeni kabla yake. Kwa hiyo peleka mapendekezo ya ushuru mapema, chama kikiwa bado kinaandaa waraka wake. Kukiwa na mafunzo ya kupunguza matumizi ya umeme, mtume fundi wa mitambo, wala si karani, kwa sababu fundi ndiye atakayeziba mabomba ya kompresa, mashine ya kushindilia hewa, yanayovujisha hewa na hivyo kupoteza umeme.