Somo: Ringi za bawaba kwa unga wa brasi, kutoka kwenye dai hadi tanuruni

Mafundi wa bawaba na vitasa wa hapa Mtwara wameliomba somo hili kwa muda mrefu: kupata kipande cha brasi kilichokamilika bila kuyeyusha na kumimina, wala kukereza. Unga wa brasi unamwagwa kwenye dai, yaani kalibu ya chuma, unabanwa kwa presi, kisha kipande kinachomwa kwa joto lililo chini kidogo ya kiwango cha kuyeyuka mpaka chembe zishikane. Hatua hiyo ya mwisho huitwa sintaringi. Vipande vingi vilivyomo ndani ya vitasa na makufuli ya viwandani vimepita njia hii.

Kabla ya lolote, piga hesabu. Kama unahitaji ringi thelathini za makabati ya mteja wa Shangani, achana na unga, nenda kwa mkerezaji. Dai nzuri ni ghali, na pesa yake hurudi ukitoa maelfu ya vipande vinavyofanana. Somo hili ni la mwenye oda inayojirudia mwaka mzima, au kikundi cha mafundi waliokubaliana saizi moja.

La pili ndilo uti wa mgongo wa somo. Brasi ni shaba na zinki, na zinki haipendi kukaa motoni. Shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085 za Selsiasi. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 420 tu, na ikifika 907 inachemka na kuwa mvuke. Sisi tunachomea jirani kabisa na hapo. Ukizichunguza hatua zote zinazofuata, nyingi ni hila za kuizuia zinki isitoroke.

Mfano wetu ni ringi ya bawaba: nje milimita 20, tundu milimita 10, unene milimita 5.

HATUA YA 1: Kuchagua unga

Nunua unga ambao tayari ni brasi. Kiwandani brasi huyeyushwa, ikapulizwa kwa hewa yenye kasi kubwa, ikapasuka kuwa chembe. Chembe zinazofaa kubanwa ni zile zenye umbo la ovyo ovyo, kwa sababu zinashikana. Za mviringo zinateleza. Ukubwa wake uwe chini ya mikroni 150.

Michanganyiko mitatu ndiyo ya kawaida: shaba 90 kwa zinki 10, shaba 80 kwa zinki 20, na shaba 70 kwa zinki 30. Zinki ikizidi, rangi inakuwa ya njano zaidi na bei inashuka, lakini kiwango cha kuanza kuyeyuka kinashuka pia: takriban nyuzi 1,020 kwa mchanganyiko wa kwanza, 965 kwa wa pili na 915 kwa wa tatu. Anayeanza achukue 80 kwa 20. Wa 70 kwa 30 ni mkali. Ukipitiliza joto kidogo, vipande vinalegea na kugandana.

Upo pia unga uliotiwa risasi ili kipande kikerezeke kirahisi. Kwenye karakana ndogo isiyo na kifaa cha kuvuta hewa, sishauri.

HATUA YA 2: Kilainishi

Ukibana unga mtupu, utakwama kwenye dai. Changanya na stiarati ya lithiamu, asilimia 0.75 ya uzito, yaani gramu 7.5 kwa kila kilo. Ya zinki hupatikana kirahisi zaidi na inafanya kazi, ila mara nyingi huacha madoa juu ya kipande. Ya lithiamu huacha uso safi. Zungusha kwenye chombo kilichofungwa kwa dakika 20 hivi, polepole, kisijae zaidi ya nusu.

Unga utunze umefungwa. Hewa yetu ya pwani ni nzito, na miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, unga ulioachwa wazi unavuta unyevu na haumwagiki sawasawa. Usipomwagika sawasawa, uzito wa kila ringi utakuwa tofauti.

HATUA YA 3: Dai

Dai itengenezwe kwa chuma cha zana, ipitishwe motoni ipate ugumu, kisha ukuta wa ndani usuguliwe mpaka ung'ae. Tunahitaji vitu vinne: ukuta wa nje, pini ya katikati inayotoa tundu, panchi ya chini na panchi ya juu, yaani vyuma vya kubania unga. Nafasi kati ya panchi na ukuta iwe milimita 0.01 hadi 0.02, ikizidi hapo unga unapenya na kukwaruza. Mdomo wa kutokea upanuliwe kidogo sana, ili ringi isipasuke inapotoka.

Kumbuka kwamba brasi husinyaa inapochomwa, mara nyingi kati ya asilimia 1.5 na 2.5. Usichonge dai ya gharama kabla hujajua unga wako unasinyaa kiasi gani. Chonga dai rahisi ya duara, bana vipande kadhaa, choma, pima kwa venia, ndipo uagize dai yenyewe.

HATUA YA 4: Kubana

Brasi hubanwa kwa tani 4 hadi 7 kwa kila sentimita mraba. Ringi yetu ina eneo la sentimita mraba 2.36, kwa hiyo kwa tani 5 unahitaji karibu tani 12. Presi ya hadroliki ya tani 20, ile ya gereji za kutolea beringi, inatosha, ilimradi iwe na geji inayosema kweli.

Pima gramu 8.8 za unga kwa mzani wa sonara. Unga uliolegea utajaza dai kimo cha milimita 12 hivi. Ukibanwa unashuka hadi 5. Shusha panchi taratibu, acha sekunde mbili, kisha sukuma ringi itoke kwa mwendo mmoja bila kusitasita. Ukisimama katikati, inapata ufa wa kukata mlalo, na ufa huo hauonekani vizuri mpaka umeshachoma.

Sasa una kipande kibichi. Kinashikika, lakini kikianguka kinavunjika kama biskuti. Kilichovunjika kiponde, kichuje, kirudi kwenye unga.

HATUA YA 5: Kuchoma

Hapa ndipo kazi ilipo, tutakaa.

Unahitaji tanuru la umeme lenye kipimajoto cha kuaminika na mahali pa kuingizia gesi. Hewa ya kawaida hairuhusiwi ndani. Oksijeni ikiingia, kila chembe inavaa ngozi ya oksaidi na hazitashikana. Viwanda vikubwa hutumia amonia iliyovunjwa, ambayo ni haidrojeni asilimia 75 na naitrojeni 25. Mchanganyiko huo hulipuka, kwa hiyo usiuguse kwenye karakana ya uani. Tumia mtungi wa naitrojeni yenye haidrojeni isiyozidi asilimia 5, ambayo huhesabiwa kuwa haiwaki ikikutana na hewa. Hata hivyo fungua milango na madirisha: naitrojeni haina harufu, na chumba kilichofungwa kikijaa gesi hiyo mtu anazimia bila onyo.

Panga ringi ndani ya sanduku la grafaiti au stinlesi lenye kifuniko. Kifuniko kisikazwe, kikalie tu. Kazi yake ni kuuweka mvuke wa zinki pale pale: hewa ya ndani ya sanduku ikishashiba zinki, kipande kinaacha kutoa nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo sanduku lijae. Sanduku kubwa lenye ringi tatu linapoteza zinki nyingi kwa kila ringi kuliko lililojaa.

Pandisha joto taratibu hadi nyuzi 400 au 500 na ukae hapo nusu saa, kilainishi kitoke. Ukikimbia, gesi yake inatafuta njia kwa nguvu na kuacha malengelenge. Kisha panda hadi joto la kuchomea. Kwa 80 kwa 20, nyuzi 850 hadi 880. Kwa 70 kwa 30, baki kati ya 815 na 860. Kwa 90 kwa 10 unaweza kwenda hadi 900 na kidogo. Dakika 30 baada ya sanduku lenyewe kufikia joto hilo zinatosha. Kipimajoto cha ukutani husoma mapema kuliko katikati ya sanduku.

Zima, acha gesi iendelee kupita mpaka ndani pawe chini ya nyuzi 100. Ukifungua mapema ringi zinageuka kahawia.

Utajuaje kama zinki imebaki? Pima uzito. Ringi ya gramu 8.8 ilikuwa na kilainishi gramu 0.07, kwa hiyo itoke na gramu 8.73 hivi. Pungufu zaidi ya hapo ni zinki iliyokwenda. Macho nayo yanasema: ringi yenye wekundu wa shaba pembeni imepoteza zinki, na unga mweupe kwenye kifuniko na kuta za tanuru ni oksaidi yake.

HATUA YA 6: Kubana mara ya pili

Irudishe ringi kwenye dai ya saizi kamili na uibane tena kwa nguvu ile ile. Vinyweleo, yaani vitundu vidogo vilivyobaki kati ya chembe, vinapungua, vipimo vinakaa sawa, uso unang'aa. Kama ringi ni ya kuwekwa ndani ya kabati tu, ruka hatua hii.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Masasi: Shikamoo mwalimu. Mimi nachonga funguo, kila wiki nabaki na unga mwingi wa brasi. Siwezi kuubana huo?

Marahaba, kijana wangu. Hapana. Ule si unga, ni vinyolewa: virefu, vimeshakuwa vigumu kwa kukatwa, vina mafuta, na brasi ya funguo mara nyingi ina risasi. Ukivibana vitashikana kwa shida na kuachana tanuruni. Viweke safi, visichanganyike na vya chuma, uviuze skrepa kwa bei ya brasi.

Mwanachama wa Lindi mjini: Kwa nini tusinunue unga wa shaba na unga wa zinki tukachanganya wenyewe? Si nafuu zaidi?

Nafuu dukani, hasara tanuruni. Zinki itayeyuka mwanzoni kabisa, sehemu ipae. Inayobaki inaingia kwenye shaba upesi kuliko shaba inavyoingia kwenye zinki, kwa hiyo pale ilipokuwa panabaki mashimo na kipande kinavimba badala ya kusinyaa. Jambo hili lilionyeshwa na Ernest Kirkendall na mwenzake Alice Smigelskas mwaka 1947, kwa nyaya nyembamba za molibdeni walizoweka mpakani mwa brasi na shaba. Baada ya kukaa motoni nyaya zilikuwa zimehama.

Mwanachama wa Tandahimba: Kaka, nataka bushi za mashine ya kubangulia korosho. Brasi hii itadumu?

Ndugu yangu, kwa bushi inayozunguka siku nzima msimu mzima, acha brasi. Chukua unga wa bronzi, shaba 90 kwa bati 10. Hatua ni zile zile, ila usifuate joto la brasi, na zinki ya kukusumbua haipo. Baada ya kuchoma unaizamisha kwenye mafuta ya moto, vinyweleo vinakunywa, na bushi inajilainisha yenyewe. Huko unataka vinyweleo, usiibane mpaka viishe.

Mwanachama wa Mikindani: Na vifaa vya jahazi?

Chini ya maji, sitaki hata kufikiria. Maji ya chumvi huinyonya zinki kwenye brasi na kuacha shaba yenye sponji isiyo na nguvu. Brasi yenye zinki zaidi ya asilimia 15 ndiyo inayoathirika sana. Tena kipande chetu hiki kina vinyweleo, chumvi inaingia mpaka ndani. Kwa milango ya nyumba za pwani tumia 90 kwa 10 na uizamishe ringi kwenye mafuta mepesi.

Mwanachama wa Newala: Mwalimu, nachonga masanduku ya mpingo. Nikitaka ringi nizipake nikeli zing'ae nyeupe inawezekana?

Inawezekana, lakini vinyweleo vizibwe kwanza kwa resini. Bila hivyo dawa ya kupakia inajificha ndani, inatoka taratibu baadaye na kuibua madoa ya kijani juu ya kazi yako. Ila mpingo na brasi ya njano iliyosuguliwa vinapendezana, mimi nisingeificha.

Mwanachama wa Mtwara, Magomeni: Wachomeleaji wanasema moshi wa zinki dawa yake maziwa. Ni kweli?

Maziwa ni chakula, kunywa kwa afya yako, hayazuii moshi. Mtu akivuta mafusho ya zinki, baada ya saa kadhaa anapata baridi, homa, viungo kuuma na ladha ya chuma mdomoni. Kwa kawaida inaisha ndani ya siku moja au mbili. Hatari ya huku kwetu ni kwamba inafanana mno na malaria: mtu anameza dawa bila kupima, au ana malaria kweli anadhani ni moshi. Nenda ukapimwe, na umwambie daktari umeshinda kwenye tanuru la brasi. Kinga yenyewe ni tanuru kuwa na bomba la kutolea moshi nje, na kutofungua kifuniko likiwa jekundu.

Mwanachama wa Nachingwea: Umeme ukikatika tanuru likiwa juu, vipande vimekwisha?

Si lazima. Usifungue, na usifunge gesi hata kidogo, maana tanuru linapopoa linavuta hewa kutoka nje. Acha mpaka lipoe kabisa. Ringi zikitoka na rangi safi, zirudishe uchome upya tangu mwanzo, na umeme ukiwa wa wasiwasi subiri usiku. Zikitoka nyeusi au kahawia mpaka ndani ukizivunja, hizo ni za skrepa.