Kuitembelea Bamberg: Mwongozo kwa Wanadiaspora

Wenzetu wengi wanaoishi Ulaya, wakitaka kuuona utamaduni wa bia wa Wajerumani, hukimbilia München wakati wa Oktoberfest, hoteli zinapokuwa ghali na viti vya kugombaniwa. Kwa maoni yangu, Bamberg, mji wa kaskazini mwa Bavaria ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1993, humfaa zaidi anayetaka bia na historia mahali pamoja.

Anayeishi ndani ya eneo la Schengen asafiri na pasipoti pamoja na kibali chake cha ukaazi. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayeishi Uingereza au Ghuba ataomba viza ya Schengen, hata kama kibali chake cha huko kingali halali. Kutoka Nürnberg, treni za kawaida za mkoa huchukua takriban saa moja. Deutschlandticket, yaani tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma nchini kote, hukubaliwa humo, lakini si katika ICE, treni za mwendo kasi.

Vaa viatu vya kutembelea, kwani mji umekaa juu ya vilima saba. Anza na Altes Rathaus, jumba la kale la baraza la mji lililosimama katikati ya mto Regnitz, kisha upande hadi Kanisa Kuu lililowekwa wakfu mwaka 1237, ambamo amezikwa Papa Clement II. Hakuna kaburi jingine la papa nchini Ujerumani.

Bia iliyoupa mji sifa ni Rauchbier, ambayo kimea chake hukaushwa kwa moshi wa kuni, ndiyo maana hunukia kama nyama iliyobanikwa. Schlenkerla na Spezial ndizo nyumba zinazoitengeneza tangu zamani. Usikae kwenye meza iliyoandikwa Stammtisch, kwa sababu ni ya wateja wa kudumu, na beba fedha taslimu.

Asiyekunywa pombe aagize Apfelschorle, yaani juisi ya tofaa iliyochanganywa na maji yenye gesi, kwa kuwa bia iitwayo alkoholfrei inaweza kuwa na kileo hadi asilimia 0.5. Waislamu wawe waangalifu pia na chakula: hata kitunguu maarufu cha Bamberg hujazwa nyama ya nguruwe, basi ni vyema kumuuliza mhudumu kabla ya kuagiza.

Wakati wa kiangazi wenyeji hupanda kwenye Keller, bustani za bia zilizo juu ya mahandaki yaliyochimbwa zamani ili kuhifadhi bia ikiwa baridi, na familia huja na watoto. Spezial-Keller ina mandhari nzuri ya mji; hakikisha kwanza kwamba iko wazi, hasa mvua ikinyesha.