Mafuta ya nazi kwenye bawaba: angalia yalivyopikwa

Kwa wale wenye tabia ya kutia mafuta ya nazi kwenye bawaba na makomeo ya milango: kinachoharibu chuma mara nyingi si nazi, ni maji. Mafuta ya tui yakiepuliwa mapema hubaki na unyevu, na unyevu huo huleta kutu, kisha hufanya mafuta yachache na kutoa tindikali. Komeo la shaba likianza kuota ukijani, shuku unyevu huo kwanza.

Basi yarudishe jikoni. Moto mdogo, koroga, subiri mpaka vipovu na ule mlio wa kuchachatika viishe kabisa. Yakianza kutoa moshi umeshayaunguza, yataharibika upesi. Yachuje kwa kitambaa kikavu, kwani machicha yakibaki huganda na kukwaruza. Mafuta ya mbata, yaani nazi iliyokaushwa, nayo yanategemea ukaushaji: mbata iliyoota ukungu hutoa mafuta yenye tindikali tangu mwanzo, hata yakiwa yanang'aa kwenye chupa.

Mafuta ya nazi hayageuki ulimbo upesi kama ya alizeti, maana hayashikani sana na hewa. Ila yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi huganda, na usiku wa kipupwe, hasa huko Pemba mashamba, utaona mlango umekuwa mzito. Hapo mafuta ya mbarika (nyonyo) ni bora, mazito lakini hayagandi.

Cherehani iacheni na mafuta yake ya dukani, jamani.