Kupima Promota ya MGMT Katika Glioblastoma

Temozolomidi, dawa ya glioblastoma (saratani kali ya ubongo), hushambulia seli za uvimbe kwa kubandika methili, kikundi kidogo cha kemikali, kwenye guanini, mojawapo ya herufi za DNA, mahali paitwapo O6. Protini ya MGMT, inayokarabati DNA, huibandua methili hiyo, na kila molekuli yake hufanya hivyo mara moja tu. Promota ya jini la MGMT, yaani sehemu ya DNA inayoliwasha jini, ikiwa na methili, protini hupungua na dawa hupata nafasi.

Chukua tishu iliyohifadhiwa kwenye parafini (nta). Mwanapatholojia aikague kwa hadubini na kuweka alama penye seli nyingi za uvimbe. Usiruke hatua hii: tishu iliyokufa na seli za kawaida hufifisha ishara ya methili, jibu likatoka hasi (promota haina methili) kwa uongo. Kwangua eneo hilo tu, toa DNA, kisha itibu kwa kemikali ya baisulfiti. Saitosini, herufi nyingine ya DNA, isiyo na methili hugeuka urasili. Yenye methili hubaki ilivyo. Ugeuzaji huo usipokamilika, utapata chanya ya uongo.

Endesha PCR, mbinu ya kuzidisha DNA, kwa jozi mbili za praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoianzisha), ya methili na ya bila methili. Weka pia, kwa kulinganisha, DNA yenye methili kamili, isiyo nayo, na maji matupu. Jozi zote mbili zikikosa bendi, yaani mstari unaoonyesha DNA iliyozidishwa, huenda formalini iliyotumika kuhifadhi tishu imeikatakata DNA: rudia, usiandike "hasi".

Jibu chanya si hakikisho kwamba dawa itafanya kazi. Seli zikipoteza MSH6, protini inayosaidia kurekebisha makosa ya kunakili DNA, huvumilia dawa hata bila MGMT. Uvimbe ukirudi baada ya temozolomidi, pima MSH6 pia.